Jina Lililoziba Neno

Nyumbani kwa Gwamaka, kule Busale, makaa hayakuwa na jina. Mkwewe Lusungu aliyaita "zile nyeusi." Yakimwishia alimwambia jirani, "Nigawie zile nyeusi kidogo, chungu hakijaiva." Jirani alielewa. Busale nzima ilielewa. Mke wa mtoto hamtaji baba mkwe, wala haligusi neno linalofanana na jina lake. Makaa yanaanza na maka, na maka ndiyo nusu ya Gwamaka. Kwa Kinyakyusa ni nguvu. Basi makaa yakawa nyeusi, makaburi yakawa "kule tulikowalaza," na siku akipika makande alisema amepika mahindi na maharage.

Wanawake wa siku hizi hawajisumbui hivyo. Wanawasalimia baba wakwe, wanawapigia simu, wengine wanawatania. Lusungu alilelewa kijiji cha Talatala na bibi yake, na bibi yule hakuwa na mzaha. Lusungu akikutana na Gwamaka njiani aliingia kwenye migomba, akageuka, akachuchumaa mpaka mzee apite. Gwamaka naye hakuzunguka kona ya nyumba kabla ya kukohoa. Alimjua kwa nyayo, kwa kitenge, na kwa namna alivyopuliza moto. Uso wake hakuujua.

Haikuwa shida. Tusekile alikuwepo.

Tusekile, mke wa Gwamaka, alikuwa Mkisi wa Ikombe, ufukweni, mfinyanzi kama mama yake. Gwamaka alimwona sokoni akiuza vyungu. Alinunua chungu. Soko lililofuata akanunua kingine. Soko jingine, kingine. Hakuwa na haja ya vyungu. Alikuwa kijana anayelala kwa kaka yake. Tusekile ndiye aliyechoka. "Wewe," alimwambia, "unavipeleka wapi? Au unavila?"

Walioana. Kanisani mchungaji alimwita mwanamume Eliud, jina la ubatizo, akalitaja siku ile na hakulitaja tena. Hakuna aliyelitumia. Mwanamke alimwita Gwamaka. Alimwita shambani, alimwita sokoni, alimwita mbele ya wakwe. Wanawake wa Busale walishika vinywa. Mke anamwita mume kwa jina, tena kwa sauti ya mtu wa mtumbwini!

"Kwetu tunaitana," Tusekile aliwaambia. "Jina ni la kuitwa. La nini jingine, la kufungiwa sandukuni?"

Gwamaka alipenda. Hakusema kwamba anapenda. Alikuwa anaitika polepole, ili aitwe mara ya pili.

Huyo Tusekile ndiye aliyebeba maneno kati ya mzee na mkwe. Lusungu alisema jikoni, "Mama, nyeusi zimekwisha," na Tusekile akatoka nje akasema, "Gwamaka, makaa." Maneno yaliingia kwake yakiwa na mafumbo, yakatoka yakiwa wazi. Hakujua kama anatafsiri. Na Gwamaka hakujua kama anatafsiriwa.

Kisha Tusekile akafa. Mpunga ulikuwa umechanua. Aliumwa kidogo, akaumwa sana, akafa.

Mwana wao Asajile, koplo wa jeshi, alikuwa kikosini mbali, amemwacha Lusungu kwa wazazi. Alifika kesho yake na nguo za kiraia. Alishika jembe pamoja na wenzake akachimba. Alibeba jeneza upande wa kichwa. Gwamaka alimuuliza mara moja tu, "Umepewa ruhusa?"

"Sajenti ameniambia niende, tata," akamjibu baba yake.

Walianua tanga, akarudi kikosini. Haukupita muda simu ikaja kwamba yuko ndani. Aliacha lindo, wakasema. Lusungu alipelekewa habari ya siku ya kesi, akapanda basi, akaenda. Aliporudi hakusema na mtu. Aliingia jikoni akawasha moto.

Gwamaka alimtuma Angetile, mdogo wake wa kike. Angetile alikuwa mjane kama yeye, ila yeye ujane ulimfungua mdomo. Aliingia jikoni, akakaa, akatoka.

"Kasemaje?"

"Asajile amesimamishwa mbele ya baraza. Wamemvua cheo. Wamemweka ndani."

"Kwa muda gani?"

"Hasemi. Analia tu. Na mimi nikalia. Tumelia, kaka, mpaka ndizi zimeungua."

Basi neno lililomfikia Gwamaka lilikuwa baraza. Alilichukua kama alivyopewa.

Mjini Kyela, nyuma ya duka la pembejeo, palikuwa na wakili anayesaidia watu wasio na uwezo. Dada Prisca, mtu wa Iringa. Gwamaka alivaa koti la kanisani, akapanda pikipiki ya Amon, kijana wa bodaboda, akakaa kwenye benchi mpaka akaitwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka kukata rufaa. Ya mwanangu. Mwanajeshi."

"Alihukumiwa na nani?"

"Na jeshi."

Prisca alitabasamu. Alisogeza vikombe viwili mezani, kimoja kidogo, kimoja kikubwa. "Jeshi lina milango miwili, baba. Huu mdogo ni wa mkuu wa kikosi. Askari akikosa kosa dogo, anapelekwa mbele ya mkuu wake, ofisini. Anasomewa kosa, anajibu, anaadhibiwa papo hapo. Anafungiwa kambini siku kadhaa, anapunguziwa cheo, mambo yamekwisha. Asiporidhika analalamika kwa wakubwa wa juu, humohumo jeshini. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Huu mkubwa ni mahakama ya kijeshi. Hapo wanakaa maofisa kadhaa, yupo anayeshtaki, yupo anayetetea, mashahidi wanaapa. Wanaweza kumfunga mtu miaka. Sasa ukisema rufaa, ile mahakama ya rufaa ya kijeshi inatazama kilichotoka huku tu." Aligonga kikombe kikubwa. "Aliyenyimwa likizo, aliyehamishwa kituo asichokipenda, aliyeadhibiwa na mkuu wake ofisini, hao haiwahusu. Wana njia zao. Yenyewe inatazama hukumu ya mahakama ya kijeshi. Je, mtu alitiwa hatiani kwa kufuata sheria? Na adhabu, ni halali? Inalingana na kosa? Basi. Mwanao alipita mlango upi?"

Gwamaka hakusita. "Baraza."

"Baraza la mkuu wa kikosi?"

"Mkwe wangu amesema baraza. Alikuwepo."

"Alifungwa muda gani?"

"Hajasema."

Prisca alifikiri kidogo. "Kama ni baraza, baba, basi ni huu mdogo. Rufaa ile haipo. Lakini usihuzunike, maana hapo mtu hafungwi miaka. Atatoka. Huyo mkweo, kwa nini asije anieleze mwenyewe?"

"Hawezi. Hakai chumba kimoja na mimi."

"Mmegombana?"

"Hapana. Ananiheshimu."

Prisca alimtazama kama mtu aliyeambiwa samaki wanapanda miti. Mwishowe akasema, "Sawa. Ila kama kuna jambo jingine, lije mapema. Muda wa rufaa hausubiri mtu."

Gwamaka alirudi Busale na habari njema. Alimwambia Angetile, "Atatoka." Angetile akapiga vigelegele peke yake uani, akaenda kumwambia Lusungu jikoni. Vigelegele vya Lusungu havikusikika. Kilichosikika ni yeye kupuliza moto.

Na hapo ndipo utulivu ulipomtoka mzee.

Alikuwa na habari njema na hakuweza kukaa nayo. Alianza kurekebisha uzio usioharibika. Alianika mbegu za kakao, akazigeuza, akazigeuza tena kabla jua halijazigusa upande wa pili. Alikwenda shambani kufukuza ndege, akakuta ndege hawapo, akarudi, akasikia ndege, akaenda tena. Usiku alilala upande wake wa kitanda, akaamka amejipata upande wa Tusekile, akahama. Vyungu vya marehemu vilikuwa vimepangwa ukutani, vya kuuzwa. Alivipanga upya. Vikubwa chini. Kisha vidogo chini. Kisha akavirudisha kama alivyoviweka marehemu mwenyewe.

"Kaka, kaa chini," Angetile alisema. "Utachimba mfereji hapo uani."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Umesimama!"

Kila pikipiki iliyopita barabarani alinyanyua kichwa. Mtu aliyefungiwa kambini siku kadhaa, angekuwa amekwisha kutoka. Angepiga simu. Simu ilikaa kwenye mfuko wa shati na haikulia, na ilipolia walikuwa watu wa mtandao wakimtangazia vifurushi.

Na kulikuwa na jambo la moto. Gwamaka alikuwa anaketi nyuma ya jiko akichonga mpini, na ukuta wa mianzi kati yao, na alisikia. Moto wa Lusungu ulikuwa umewaka. Aliusikia ukilia. Lakini mwanamke aliendelea kupuliza. Alipuliza moto uliokwisha kuwaka, muda mrefu, kama mtu anayetaka pumzi yake ifanye kelele isiyo ya kilio.

Mke wa mtu anayetoka kesho hapulizi hivyo. Gwamaka aliweka kisu chini. Akakichukua tena.

Kama Tusekile angekuwepo, angeingia, angesema, "Wewe, una nini?" na angetoka na jibu. Angetile aliingia na kutoka na machozi.

Asubuhi moja Gwamaka alikuwa kwenye mikakao kando ya barabara, anakata machipukizi. Amon alisimamisha pikipiki. Lusungu alikuwa pale anamngoja, na mfuko wa mchele wa kumpelekea dada yake mjini. Hakumwona mzee. Majani yalikuwa mengi.

"Nimpelekee wapi, shemeji?"

"Dada amehama. Sasa yuko karibu na baraza la mwanzo."

"Baraza la mwanzo? Hilo ndilo lipi? La kata?"

"Siyo la kata. La mjini. Lile kubwa, lenye bendera. Wanakopelekwa wezi wa kakao."

"Ah! Si useme mahakama!"

"Sema wewe."

Amon aliangua kicheko mpaka pikipiki ikayumba. "Mkwe wa Gwamaka! Nimesahau! Hata mahakama? Si ina h katikati?"

"Ukiisema haraka h inabaki wapi?"

Amon alijaribu. "Mahakama. Maakama. Makama." Akacheka zaidi. "Kweli, mzee yumo humo ndani! Na polisi unawaitaje?"

"Polisi. Hao wamemkosea nini?"

Gwamaka alikuwa ameshika tawi. Hakulikata. Alisimama na panga juu, kama mtu aliyeitwa.

Baraza la mwanzo. Mahakama ya Mwanzo ya Kyela, ambayo hata mtoto anaijua, kwa Lusungu ilikuwa baraza. Basi kila mahakama ilikuwa baraza. Na baraza la mkuu wa kikosi lingekuwa baraza vilevile. Milango miwili, na kwenye mdomo wa mkwe ilikuwa imepewa jina moja, kwa sababu yake yeye. Kwa heshima yake yeye.

Alitoka kwenye mikakao haraka, akasahau kukohoa.

Lusungu aliona miguu yake. Alitupa mfuko, akageuka, akachuchumaa, kitenge usoni.

"Amon," Gwamaka alisema, akitazama upande wa mlimani. "Muulize. Baraza lililomfunga Asajile, ni la mtu mmoja ofisini, au ni la namna ya lile lenye bendera?"

Amon aliwatazama wote wawili. Mmoja amelaza kichwa magotini, mwingine anaongea na mlima. "Shemeji, umesikia swali."

Shemeji alizidi kuinama. Mabega yalitikisika.

"Mwambie avae viatu. Tunakwenda mjini. Sasa hivi."

"Wote wawili? Kwenye pikipiki yangu? Mzee, mimi nina watoto, sitaki laana ya watu."

"Ita mwenzako."

Amon alipiga simu. Mwenzake alikuja, akaelezwa, akacheka, akaona uso wa mzee, akaacha kucheka. Walikwenda pikipiki mbili. Gwamaka mbele, na koti la shamba, na panga amelisahau mkononi mpaka Amon akamwambia alitie kwenye kiroba. Lusungu nyuma na mfuko wa mchele, mbali, mbali sana, na kila mwenzake Amon akikaribia alimpiga begani apunguze mwendo.

Ofisini kwa Prisca palikuwa na chumba kimoja na baraza ya mbele. Lusungu aliingia ndani, akakaa pembeni akitazama ukuta. Gwamaka alibaki barazani, mgongo kwa mlango, anatazama barabara, bajaji zinapita. Mlango ulikuwa wazi kwa joto. Kila kitu alikisikia.

"Karibu, mama," Prisca alisema. "Usiogope. Niambie tu, mume wako alihukumiwa na nani?"

Lusungu alikunja pindo la kitenge.

"Mama?"

"Baraza."

"La mkuu wa kikosi, ofisini kwake?"

Lusungu aliusogelea ukuta.

"Au ni mahakama ya kijeshi?"

"Baraza," Lusungu alisema, na sauti ikaanza kukatika.

"Mama, sikiliza. Mimi nataka kukusaidia. Baraza na mahakama si kitu kimoja. Ukiniambia baraza mimi siwezi kuandika kitu, mlango umefungwa. Ukiniambia mahakama, labda bado uko wazi. Labda. Kesho unaweza usiwe wazi. Ni ipi?"

"Ni... ni baraza, dada. Lile. Lile lenyewe."

"Lile lipi?" Prisca alipandisha sauti, akaishusha. "Mama, taja tu."

Lusungu alianza kulia. Alijaribu kusema jambo jingine, ikaja pumzi tu. Mdomo uliokwisha kuzoea kulikwepa neno moja ulikuwa umeyaziba na mengine yote. Na mzee alikuwa palepale mlangoni, mgongo mpana, masikio mawili.

Gwamaka alijua angeweza kuondoka. Angevuka barabara, akasimama kwa wauza mitumba. Haingesaidia. Mwanamke huyu hakulitaja jina lake hata alipokuwa shambani mbali, hata alipokuwa Talatala kwa bibi yake. Jina halikuhitaji mwenyewe awepo. Lilitosha lenyewe.

Alifikiri habari ya jina hilo. Babu yake ndiye aliyempa. Lakini hakumsikia babu alipolifikiri. Alimsikia Tusekile, amesimama kwenye tuta la mpunga, mkono mmoja kiunoni, matope mpaka magotini: "Gwamakaaa! Unaitwa!" Hakukuwa na mtu mwingine aliyelisema hivyo. Sauti yake haikuwa kwenye simu, hakuna aliyeirekodi. Ilikuwa ndani ya jina hilo tu.

Bajaji ilipita. Nyingine ikapita.

"Dada Prisca," alisema, bila kugeuka.

"Naam, baba."

"Mwambie huyo mtoto kwamba Gwamaka hayupo."

"Nani hayupo?"

"Gwamaka. Hilo jina. Nimeliacha." Alikohoa. "Nilibatizwa Eliud. Jina zima kabisa, halijatumika. Kuanzia leo ndilo langu. Lile jingine halina mwenyewe. Maneno yake yote ni ya watu. Makaa, makaburi, na hilo analoliogopa. Mwambie ayachukue."

Prisca hakujua afanye nini. Alimgeukia Lusungu. "Umesikia?"

Barazani mzee alisikia pumzi. Aliijua pumzi ile. Ilikuwa ya mtu aliyeinama juu ya moto usiotaka kuwaka.

"Ma," Lusungu alisema. Kisha, "Maha." Kisha akalisema lote, kwa nguvu mno, kama mtu anayerusha jiwe mtoni. "Mahakama! Mahakama ya kijeshi, dada. Walikaa maofisa mstari mzima, na nguo zao za sherehe. Kulikuwa na mmoja mwenye vitabu vya sheria, anawaelekeza. Kulikuwa na wa kumshtaki na wa kumtetea. Mume wangu aliapa kwa Biblia. Mkuu wake alimsikiliza kwanza peke yake, wiki za nyuma, halafu akasema kosa hili ni kubwa kwangu, nalipeleka mahakama. Mahakama, dada. Mahakama ndiyo iliyomfunga."

"Miaka mingapi?"

Hapo alisita, lakini si kwa jina. "Mitatu. Na akitoka si mwanajeshi tena."

Gwamaka alishika nguzo ya baraza.

"Nilificha miaka," Lusungu alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Ilimkuta baba bado ana kilio. Nikasema kwanza kimpungue."

"Ndaga," mzee alisema pale barazani. Hakuna aliyejua anamshukuru nani.

Prisca alikuwa amekwisha kuvuta kiti mezani. Maswali yake yalikuja mbiombio na Lusungu akayajibu yote. Hukumu ilitoka lini? Nakala iko wapi? Ipo kwa mtetezi wake. Alikiri kuacha lindo? Alikiri. Alisema kwamba mama amekufa? Alisema. Alisema sajenti alimruhusu?

"Alisema. Aliomba sajenti aitwe aulizwe. Hawakumwita. Mtetezi alisimama akaomba tena. Wakasema haina haja."

Kalamu ilisimama. "Waliombwa shahidi, wakakataa kumwita?"

"Ndiyo. Mara mbili."

"Hapo," Prisca alisema. "Hapo pana pa kushika."

Alitoka nje, akasimama barazani pembeni ya mzee. Alikuwa amejifunza kitu. Hakumwita mkwe atoke naye. "Baba Eliud." Lilisikika kama jina la mtu mwingine. "Muda tumo ndani, lakini chupuchupu. Leo hii natuma. Nisamehe, nilikuambia rufaa haipo."

"Ulijibu ulichoulizwa."

"Sasa sikiliza, nisikudanganye mara ya pili. Mahakama ya rufaa haitaanza kesi upya. Haitasikiliza kilio chetu. Itasoma mwenendo wa kesi, itatazama kama alinyimwa haki ya kuleta shahidi wake, itatazama kama miaka mitatu ni adhabu inayolingana. Inaweza kumwachia. Inaweza kupunguza. Inaweza kusema yuko palepale. Hayo matatu yote yapo."

"Lakini itamsoma."

"Itamsoma."

"Basi tuma."

Walirudi Busale pikipiki mbili vilevile. Njiani walisimama, Lusungu akashuka kwa dada yake kupeleka mchele. Mzee hakugeuza shingo.

Rufaa imepokelewa. Prisca alipiga simu akasema hivyo. Siku ya kusikilizwa bado haijapangwa. Mzee bado anasikiliza pikipiki, bado anageuza kakao isiyohitaji kugeuzwa. Angetile amekataa katakata habari ya jina jipya. "Mimi si mkwe wako. Mimi nitakuita Gwamaka mpaka wanizike."

"Niite unavyotaka. Sitaitika."

"Hukuwahi kuitika upesi!"

Juzi alikuja kutoka sokoni, amejishika mbavu. "Kaka, umeharibu. Unajua mkweo anauzaje mchele? Mtu anamuuliza bei, yeye anasema mia kumi, mia ishirini, mia thelathini. Nikamwambia, wewe, kwa nini husemi elfu? Akanijibu, shangazi, elfu na Eliud vinakaribiana."

Mzee akauliza, "Na mahakama?"

"Mahakama anaitaja kila dakika. Analihadithia soko zima."

"Basi acha auze kwa mia."

Jioni hupita kaburini, ambako ni nyuma ya nyumba tu, penye migomba. Hakai. Anang'oa jani moja, mawili. Pale, na pale peke yake, anajitambulisha kwa jina la zamani, kwa sauti ndogo, maana Tusekile hamjui Eliud, angeuliza huyu ni nani anayenijia.

"Ni mimi, Gwamaka," anasema. "Bado hatujajibiwa."

Jana alikuwa hajamaliza kusema, sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi. Kubwa, wazi, haikupitia kwa mtu.

"Tata! Makaa yamekwisha!"

Alisimama na jani mkononi. Alingoja aitwe mara ya pili. Hakuitwa. Akaenda kuleta gunia.